Toba na Vidonge Viwili

Mtu anayeacha pombe Jinja au Mbale mara nyingi huacha mbele za watu. Amesimama kanisani akashuhudia, ama amekwenda kwa shekhe akatubu, ama wazee wa ukoo wamekaa kikao wakamtaka aape. Tangu siku hiyo anatazamwa kwa jicho la kungoja: atasimama au ataanguka? Lakini mwili haukushiriki kiapo, nao una madai yake. Jino linaoza. Mgongo uliokata miwa ya Kakira kwa miaka unakataa kunyooka. Bodaboda inateleza kwenye barabara ya Tororo na mguu unavunjika. Usiku nao unakuja bila usingizi, moyo ukidunda mbio kwa hofu ambayo mwenyewe hajui imetoka wapi. Basi mmoja anampa kidonge cha maumivu, mwingine anampa kidonge cha kutuliza wasiwasi, na yeye anabaki na swali ambalo hana wa kumuuliza: nikivimeza, nimevunja nadhiri?

Swali hilo ni la haki, ila limeuliza nusu ya jambo. Linauliza kidonge ni halali au haramu, kana kwamba kidonge kina dini. Haliulizi nani mwingine anajua kwamba vidonge vimekuwa viwili. Hoja ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba kwa mtu anayepona uraibu, kusema kweli juu ya kila kinachoingia mwilini mwake ni wajibu wa kidini wenye uzito uleule wa kuacha kwenyewe. Na jumuiya ya waumini inayohesabu kila kidonge kuwa ni anguko hushiriki, bila kukusudia, kuzaa kidonge cha siri. Na katika mchanganyiko huu, cha siri ndicho cha kuogopwa zaidi.

Tuanze na mwili, kwa maana hoja ya maadili isiyojua mwili unavyofanya kazi huishia kuwa maneno matupu. Dawa kali za maumivu, kama morifini, pethidini, kodeini na tramadoli, ni za jamii ya afyuni. Hutuliza kwa kushika vipokezi maalumu katika ubongo na uti wa mgongo. Vipokezi hivyohivyo vimo pia katika shina la ubongo, pale panapoamuru pumzi. Kwa kawaida hewa ya kaboni ikizidi katika damu, shina hilo hushtuka na kumlazimisha mtu avute pumzi hata akiwa amelala fofofo. Afyuni hulitia uzito, likachelewa kushtuka. Dawa za wasiwasi za jamii ya diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, hupita njia nyingine: huipa nguvu kemikali ya ubongo iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kupunguza mwendo wa mishipa ya fahamu. Kila moja peke yake, kwa kipimo cha daktari, watu wengi wazima huimudu. Zikikutana, zinabonyeza pumzi kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, na pombe ikiingia inakuwa ya tatu, kwa kuwa nayo hufanya kazi inayokaribiana na ya diazepamu. Kifo cha namna hii hakina kelele. Mtu anakoroma kwa sauti nzito ambayo si yake, pumzi zinaachana, midomo inageuka rangi, na waliomo nyumbani wanashukuru kwamba leo walau amepata usingizi. Aliye katika hali hiyo hupaswa kutikiswa, kulazwa ubavu na kukimbizwa hospitali, wala haachwi apumzike. Hata naloksoni, dawa ya dharura inayoondoa afyuni kwenye vipokezi, haina uwezo wowote juu ya diazepamu.

Ushahidi wa hatari hii si wa kukisia. Mwaka 2015 jarida la tiba la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti wa wanajeshi wastaafu wa Marekani zaidi ya 400,000 waliokuwa wakipewa dawa za afyuni. Waliopewa pia dawa za wasiwasi walikuwa kama asilimia 27, lakini karibu nusu ya vifo vya kuzidisha dawa vilitokea wakati mgonjwa ameandikiwa zote mbili. Agosti 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikaagiza onyo la kiwango chake cha juu kabisa liwekwe kwenye karatasi za dawa hizo karibu 400. Atakayesema kwamba mstaafu wa jeshi la Marekani si mkata miwa wa Busoga atakuwa amesema kweli kuhusu mishahara, chakula na hospitali zao. Shina la ubongo ni moja.

Kwa anayepona uraibu kuna mambo mawili yanayoongeza hatari. La kwanza ni kwamba mwili husahau uzoefu. Aliyekuwa akimeza dozi kubwa ya tramadoli kila siku, akakaa miezi bila kuigusa, hana tena mwili ule uliostahimili. Akirudia kipimo cha zamani kwa siku moja ya maumivu makali, kipimo hicho sasa kinaweza kumzidi. La pili ni kwamba diazepamu haiondoki upesi. Huchukua kati ya siku moja na mbili kupungua nusu, na ini huigeuza kuwa kitu kingine chenye nguvu kama yake kinachokaa mwilini kwa siku kadhaa zaidi. Kwa hiyo aliyemeza kidonge cha wasiwasi Jumatatu, na Jumatano akameza cha maumivu, anaweza kuapa kwa moyo safi kwamba hakuchanganya, na bado akawa amechanganya. Hapa unyofu wa moyo hautoshi. Unahitajika ujuzi, na ujuzi huo hauwezi kukaa kwa mtu mmoja aliye mgonjwa, mwenye hofu na mwenye aibu.

Njia inayomfikisha mtu hapo katika mashariki ya Uganda ni ya kawaida kabisa. Ulevi mkubwa wa huku ni pombe: waragi, kwete, malwa, na bia, ambayo kiwanda chake kiko Njeru, ng'ambo tu ya mto kutoka Jinja. Anayeacha ghafla baada ya miaka ya kunywa sana hutetemeka, hutokwa jasho, huona visivyokuwepo, na wengine hushikwa na degedege. Tiba sahihi ya siku hizo za kwanza, inayojulikana duniani kote, ni diazepamu au ndugu zake, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku. Maana yake ni kwamba dawa ya wasiwasi huingia katika maisha ya anayepona kupitia mlango wa mbele, mkononi mwa mganga, kwa sababu njema. Shida ni pale siku za kupunguza zinapokwisha na mtu akaendelea kununua mwenyewe, kwa kuwa usingizi wake umezoea kusindikizwa. Wiki chache za mfululizo zinatosha kuufanya mwili uidai. Kisha linakuja jino au mgongo, na duka la dawa lililo karibu linauza tramadoli.

Mtazame sasa muuzaji akimhudumia. Anahesabu vidonge kutoka kwenye kopo kubwa, anavitia katika kibahasha kidogo, anaandika kwa kalamu 1x3, basi. Mara nyingi jina la dawa halimo. Mgonjwa anaondoka akijua rangi ya kidonge na idadi ya mara za kumeza, na akiulizwa na daktari kesho anatumia nini, jibu lake la kweli kabisa ni kwamba anatumia vyeupe vidogo. Aliyeng'oa jino anajua habari za jino, muuza dawa anajua habari za usingizi, mchungaji anajua habari za toba, mke anajua habari za hasira za alfajiri. Hakuna anayemjua mtu mzima. Na tofauti kati ya kidonge na malwa ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Malwa hunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, watu wameketi duara, na kila mmoja anaona nani amevuta mara ngapi. Kwa walio wengi huku, kidonge ndicho kileo cha kwanza kinachomezwa bila shahidi. Mila zetu za kulea na za kukemea zimejengwa juu ya ulevi unaoonekana, unaonuka, unaoyumba njiani. Hazina macho ya kuona huu.

Ndiyo maana swali hili ni la dini kabla ya kuwa la maduka. Mbale ni mji mzuri wa kuliulizia, kwa kuwa mila tatu za imani zinaishi ndani yake na pembeni yake bila kugombana: Waislamu, ambao Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kipo mjini hapo tangu 1988, Wakristo wa madhehebu mengi, na Abayudaya, Wayahudi wa mlima wa Nabugoye, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mnamo 1919. Ukizisikiliza zote tatu kwa makini juu ya maumivu na nadhiri, utaona zinatofautiana katika mengi lakini zinakutana katika jambo moja: ruhusa haitolewi gizani.

Katika Uislamu ulevi umeharamishwa kwa sababu unaiharibu akili, na akili ni miongoni mwa mambo matano ambayo wanazuoni, Ghazali aliyefariki 1111 akiwa mashuhuri kati yao, walisema sheria imekuja kuyalinda: dini, uhai, akili, kizazi na mali. Lakini uhai nao umo katika orodha hiyo, na hapo ndipo kanuni ya dharura inapoingia: jambo lililokatazwa linaweza kuruhusiwa pale dharura inapolazimisha. Wengi huijua kanuni hii na kuishia hapo. Kanuni zinazoifuata katika vitabu vya fikihi ni kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake, na kwamba mwenye kuipima ni tabibu mjuzi na mwaminifu. Tafakari maana yake kwa huyu wetu. Ruhusa ya kumeza morifini baada ya kuvunjika mguu ni ruhusa yenye kipimo, na kipimo kinategemea habari: maumivu ni makali kiasi gani, kuna dawa nyepesi inayotosha, kuna kitu gani kingine tayari ndani ya damu. Anayeficha kidonge cha wasiwasi amemnyima tabibu habari hizo, na kwa kufanya hivyo ameing'oa nguzo iliyosimamisha ruhusa yenyewe. Kidonge hakikumtoa kwenye dharura. Ni kuficha kulikomtoa.

Ukristo umefika mahali hapohapo kwa njia ya nia. Februari 1957 Papa Pius wa 12 aliwajibu madaktari wa nusukaputi wa Italia waliomuuliza kama ni halali kumpa mgonjwa dawa ya afyuni hata kama inaweza kufupisha maisha yake. Alijibu kwamba ni halali, iwapo hakuna njia nyingine na iwapo kinachokusudiwa ni kuondoa maumivu. Akaonya pia kwamba fahamu ya mtu isiondolewe pasipo sababu nzito. Jibu hilo linasimama juu ya nia, na nia ya mtu aliyewahi kutekwa na uraibu ni kitu ambacho hata yeye mwenyewe hakiamini, maana ameshawahi kujidanganya kwa ustadi. Namna pekee ya kuipima ni kuileta mbele ya mwingine. Wakristo wa Uganda wanalijua hili kuliko wengi. Uamsho uliotokana na kukutana kwa Simeoni Nsibambi na Joe Church huko Namirembe mwaka 1929, ukaenea Afrika Mashariki yote, uliwafunza waliookoka kutembea nuruni, yaani kuungama mbele ya wenzao yale ambayo mtu angependa yabaki chumbani. Huo ni urithi wa thamani kubwa kwa anayepona. Kasoro yake ni kwamba orodha ya mambo ya kuungama ilitungwa na kizazi kilichojua pombe, uzinzi, wizi na chuki. Kidonge cha usingizi ama hakimo, ama kimetiwa kama dhambi sawa na chupa ya waragi, na vyote viwili vinamfanya mtu anyamaze.

Na Wayahudi wa Nabugoye wamerithi sheria mbili zinazostahili kusikilizwa na majirani zao. Ya kwanza ni kwamba kuokoa uhai hutangulia hata Sabato: anayevunja Sabato kumwokoa mgonjwa hakutenda kosa. Ya pili inahusu nadhiri. Katika mapokeo ya kirabi, aliyeweka nadhiri asiyoweza kuibeba haifungui mwenyewe chumbani kwake. Hueleza jambo lake mbele ya mjuzi wa sheria, au mbele ya watu watatu, nao wakichunguza wakaona sababu, humfungulia. Hekima ya utaratibu huo ni kubwa. Unakiri kwamba nadhiri yaweza kuwekwa bila kujua jino litauma lini, na papo hapo unakataa mtu awe mshitakiwa, shahidi na hakimu wa kesi yake mwenyewe saa nane za usiku.

Sasa wapo watakaopinga, na pingamizi zao hazistahili kupuuzwa. La kwanza ni la ujasiri. Katika Bugisu, kila mwaka usiogawanyika kwa mbili hupita kimya, na kila mwaka unaogawanyika ngoma za kadodi hulia na vijana husimama wima mbele ya umma kupokea kisu cha tohara ya imbalu bila kupepesa jicho. Je, watu wenye mila hiyo waambiwe kwamba mtu mzima hawezi kuvumilia mgongo? Jibu ni kuitazama imbalu yenyewe kwa makini zaidi. Maumivu yake yamechaguliwa na kijana mwenyewe, yana siku yake, yana mwisho unaojulikana, na yana mashahidi wengi kuliko arusi. Hakuna kijana anayetahiriwa peke yake gizani akaitwa jasiri. Maumivu ya anayepona hayakuchaguliwa, hayana siku ya kwisha, na anaambiwa ayabebe kimya. Tena maumivu yasiyotibiwa ni miongoni mwa mambo yanayomrudisha mtu kwenye ulevi, kwa hiyo kumnyima dawa kwa jina la uvumilivu kunaweza kuwa ndiko kumsukuma kwenye waragi. Imbalu, ikisomwa vizuri, inaniunga mkono: inafundisha kwamba maumivu makubwa hukabiliwa mbele ya macho ya watu.

Pingamizi la pili ni la usalama, nalo lina nguvu zaidi. Linasema: kwa mtu aliyewahi kuwa mtumwa, mlango wazi wa kidonge kimoja ni mlango wa vyote; afadhali aache kila kitu, hata Panadol akipenda. Sikatai kwamba kwa maumivu mengi dawa nyepesi, barafu, mazoezi au kung'oa jino lenyewe ni bora kuliko afyuni, na kwamba afyuni isiandikwe ovyo kwa mtu wa historia hii. Lakini kuacha kila kitu kama kanuni kunagongana na ukweli wa mwili. Aliyezoea diazepamu kwa miezi akiitupa yote siku moja, labda kwa kuitikia wito wa mhubiri, anaweza kupata degedege na hata kufa. Hupunguzwa polepole, chini ya uangalizi. Narcotics Anonymous wenyewe, chama cha waraibu wanaopona, ambao kuacha kabisa ndio msingi wao, wana kijitabu kiitwacho In Times of Illness kinachokubali kwamba mwanachama ataugua na atahitaji dawa, na kinamhimiza awaeleze wahudumu wa afya kuhusu uraibu wake. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa waraibu methadoni mwaka 2011, na ya Butabika, Kampala, ikafuata mwaka 2020. Methadoni ni afyuni. Kinachoifanya iwe tiba ni kipimo, na ni kwamba mtu huja akaimeza mbele ya muuguzi, jina lake likaandikwa, hali yake ikatazamwa. Hata mamlaka ileile ya Marekani iliyotoa onyo la 2016 ilirudi Septemba 2017 kuwaambia madaktari wasiwanyime methadoni au buprenofini wagonjwa wanaotumia dawa za wasiwasi, kwa kuwa hatari ya uraibu usiotibiwa yaweza kuzidi hatari ya mchanganyiko unaosimamiwa. Ushahidi, basi, hausemi mtu afukuzwe kwa sababu ana vidonge viwili. Unasema ajulikane.

La tatu ndilo linaloniuma mimi kama mtetezi wa hoja hii. Ni rahisi kumwambia mtu aseme kweli wakati gharama ya kweli haitoki mfukoni mwako. Anayesema hospitalini kwamba aliwahi kuwa mraibu anaweza kutazamwa kama mwizi wa dawa na kunyimwa hata anayostahili baada ya upasuaji. Anayesema kanisani kwamba anameza dawa ya wasiwasi anaweza kuvuliwa nafasi ya kwaya, na kesho habari zimefika sokoni. Akichagua kunyamaza, nani wa kumlaumu? Nakubali lawama isimwangukie yeye kwanza. Ndiyo maana nimesema wajibu huu ni wa jumuiya nzima: asiyeweza kuipokea kweli hana haki ya kuidai. Lakini pia wajibu wa kusema si wajibu wa kutangaza. Uislamu unafundisha sitara, mtu asijifichue wala asifichuliwe aibu zake bila sababu, na hilo halipingani na kumweleza tabibu. Wanaohitaji kujua ni wachache: anayeandika dawa, anayeuza dawa, na mtu mmoja wa nyumbani au wa imani anayeweza kugonga mlango usiku. Mimbari si mmoja wao. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Hawakusema amwambie kila mpita njia.

La nne ni la umaskini. Kweli hainunui daktari, na kati ya kijiji cha milima ya Elgon na hospitali ya rufaa ya Mbale kuna nauli. Hili ni kweli, ila Uganda yenyewe imeshaonyesha kwamba nchi isiyo na madaktari wengi inaweza kuishika dawa ya hatari kwa uangalifu. Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, morifini ya kunywa ilianza kutengenezwa kwa unga uliochanganywa na maji, ikatiwa rangi ili nguvu za chupa moja zisidhaniwe kuwa za nyingine. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe. Huko Jinja, hospisi ya Rays of Hope huwafuata wagonjwa wa Busoga majumbani. Dawa ileile inayoogopwa kuliko zote imeingia katika nyumba za maskini kwa sababu aliyeileta alijua jina la mgonjwa, ugonjwa wake, kipimo chake na nani anaishi naye. Kilichohitajika hakikuwa mashine. Ni rangi katika chupa, daftari, na mtu anayerudi wiki ijayo kuuliza. Kibahasha chenye jina la dawa badala ya 1x3 tupu kinahitaji sekunde kumi zaidi za kalamu ileile.

Kutokana na haya yote yako mambo yanayofuata kwa lazima. Muuza dawa asiyeandika jina la dawa amemwondolea mteja uwezo wa kusema kweli, na hilo ni deni juu yake. Daktari anayemuuliza mgonjwa kwa dharau kama ni mlevi amejifungia mwenyewe mlango wa habari aliyoihitaji. Mhubiri au shekhe anayewaambia watu watupe vidonge kama ushahidi wa imani amejitwika kazi ya tabibu bila elimu yake, na matokeo yake yatahesabiwa kwake. Naye anayepona anadaiwa jambo moja zito: asitenganishe wanaomjua, huyu akajua jino, yule akajua usingizi. Wote wanaomtibu wajue vidonge vyote.

Kiapo kisicho na nafasi ya jino linalouma kimetungwa kwa ajili ya malaika, na malaika hawana waragi wa kuacha. Kiapo cha binadamu kinahitaji kifungu cha pili. Baada ya kusema sitakunywa tena, mtu aseme pia kwamba siku mwili utakapomlazimu kumeza kitu, atamtajia mtu fulani jina lake, kipimo chake na siku ya kukiacha. Na mtu huyo, ambaye naye yupo hapo siku ya kiapo, aape kwamba atasikiliza bila kuhukumu na atauliza tena wiki ijayo. Viapo viwili badala ya kimoja. Makanisa na misikiti ya Jinja na Mbale ina mashahidi wa kutosha kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kinachobaki ni wao kukubali kwamba siku ile mtu alipoacha, nao pia waliahidi kitu.